Amplifaya ya Valvu: Tusiitupe, Wala Isituue

Katika nyumba nyingi za mwambao, kutoka Vanga hadi Lamu, ukiingia stoo utakuta chini ya majamvi na masanduku mashine ya sauti ya zamani: redio kubwa ya mbao, gramafoni ya umeme, au amplifaya ya valvu iliyonunuliwa na babu au iliyoletwa na jamaa aliyekuwa akisafiri. Mara nyingi mashine hiyo haisemi, au yasema kwa kukoroma. Na siku hizi hupatwa na mojawapo ya mambo mawili. Ama huuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, nao huivunja wapate shaba ya transfoma. Ama kijana wa nyumbani huifungua kwa bisibisi, na umeme umo ndani, akajaribu bahati yake. La kwanza ni israfu. La pili laweza kuwa msiba.

Sisi twaona kuwa hapana ulazima wa moja katika hayo mawili. Mwenye mashine aweza kufanya mengi kwa jicho lake, sikio lake, kitambaa kikavu na mita ndogo ya kupimia umeme. Yaliyobaki ni kazi ya fundi. Linalotakiwa ni kuujua mpaka ulio baina ya kazi hizo mbili, na kuuheshimu. Ndilo tunalotaka kulizungumza leo, kwa sababu wengi waliokuwa wakiujua mpaka huo wamezeeka au wametangulia mbele ya haki, na waliobaki hatuwaulizi.

VALVU NI KITU GANI

Valvu ni ile chupa ndogo ya kioo, mfano wa taa, inayowaka kwa wekundu hafifu ndani ya mashine. Hewa iliyokuwa ndani yake imetolewa. Mwingereza John Ambrose Fleming aliunda ya kwanza mwaka 1904, na mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest akaongeza sehemu ya tatu, gridi, ambayo ndiyo iliyofungua njia ya kukuza sauti kwa umeme. Transista ilizaliwa katika maabara ya Bell huko Marekani mwezi wa Disemba 1947. Kabla ya hapo, na kwa miaka kama kumi baadaye, karibu kila redio na kila kipaza sauti duniani kilisema kwa valvu.

Kazi yake si muujiza. Katikati ya chupa mna kathodi, ambayo hutiwa moto hadi ikaanza kutoa chembe za umeme ziitwazo elektroni. Pembeni mna anodi, kibati kilichotiwa volti nyingi za upande chanya, nacho huzivuta chembe hizo. Baina ya viwili hivi imewekwa gridi ya waya mwembamba, iliyotiwa volti chache za upande hasi. Gridi ni bawabu. Ikizidi uhasi huzuia, ikipungua huachilia. Sauti ndogo itokayo kwenye santuri humtikisa bawabu huyo kidogo tu, na umeme mwingi unaopita nyuma yake ukatikisika kwa namna ile ile. Umeme huo mkubwa ndio unaosukuma spika.

Kipimo cha uhasi anachopewa bawabu huyu mashine inapokuwa kimya ndicho mafundi wanachokiita bayasi. Msomaji alishike neno hili, kwani nusu ya habari ya kurekebisha amplifaya ya valvu imo ndani yake. Bawabu akiwa mkali kupita kiasi, sauti hukwaruza. Akiwa mlegevu, umeme hupita bila ya hesabu, na anodi hupata moto hadi ikawa nyekundu kama kaa la chetezo. Valvu iliyofika hapo inakufa, na yaweza kufa pamoja na transfoma.

KWA NINI TUIWEKE

Hatusemi kuwa valvu ni bora kuliko transista kwa kila jambo. Amplifaya ya transista iliyoundwa vyema ni nyepesi, haili umeme mwingi, haichomi mkono, na kwa vipimo vya maabara huipotosha sauti kwa kiasi kidogo kuliko nyingi za valvu. Anayetaka tu kusikiliza taarifa ya habari hana haja ya kujitaabisha. Kipya kinyemi, walisema wahenga, ingawa kidonda. Na kipya hiki wala si kidonda.

Lakini mashine ya valvu ina fadhila mbili ambazo mtu asizibeze. Ya kwanza, iliundwa kwa namna ambayo binadamu aweza kuitazama akaifahamu. Geuza nyingi katika hizo utazame chini: kila waya waonekana, kila kiungo kimetiwa lehemu kwa mkono, kila sehemu yaweza kutolewa peke yake ikawekwa nyingine. Spika nyingi ndogo za siku hizi zikiharibika hutupwa, kwani kifungu kizima kimo ndani ya kipande kimoja kisichofunguka. Valvu nazo bado zinatengenezwa, katika viwanda vya Slovakia, Urusi na Uchina. Kwa hivyo mashine ya miaka sitini bado ina dawa.

Ya pili ni santuri. Siti binti Saad wa Unguja alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodiwa, na baada ya hapo sauti za watu wetu hazikukoma kuingia katika santuri. Hapa Mombasa, santuri za Mzuri zilibeba tarabu ya mwambao kwa miaka mingi. Juma Bhalo alifariki 2014, Zein l'Abdin akamfuata 2016, na zipo nyumba ambazo santuri zao zingali katika bweta. Mwenye kuzihifadhi santuri na kuiuza mashine ya kuzisemeshea ni kama mwenye kuhifadhi vitabu vya mashairi akaitupa miwani. Usiache mbachao kwa msala upitao.

HATARI ILIYOMO NDANI

Sasa tuseme lile ambalo wengi hulipita haraka. Umeme wa ukutani hapa Kenya ni volti 240, na kila mtu aujua ubaya wake. Ndani ya amplifaya ya valvu, transfoma huupandisha umeme huo, na kwenye anodi mtu atakuta volti 300, au 400, na pengine zaidi ya 500. Tena umeme huo hukaa ndani ya kapasita kubwa kama maji yakaavyo ndani ya mtungi. Kuchomoa plagi hakuumwagi mtungi. Mashine iliyozimwa, isiyo na taa wala joto, yaweza kubaki na umeme wa kuua kwa dakika nyingi, na ikiwa ina kasoro, kwa muda mrefu zaidi.

Kwa hivyo sheria ya nyumba iwe hii: asiyejua kuumwaga umeme huo asikifungue kifuniko cha chini. Si suala la ujasiri. Dini yetu haimpi mtu ruhusa ya kuitia nafsi yake katika maangamizo kwa ajili ya nyimbo, wala kwa ajili ya kaswida.

Fundi ajuaye humwaga umeme kwa rezista, wala si kwa ncha ya bisibisi ipigayo cheche. Huchukua rezista ya omu 10,000 na wati 10 hivi, iliyofungwa vizuri kwenye waya wenye ngozi, akashikiza upande mmoja kwenye chuma cha mashine na upande wa pili akaugusisha kwenye kapasita kwa muda wa sekunde kadhaa. Kisha hupima kwa mita kuhakikisha kuwa umeme umekwisha, na hurudia hivyo kwa kila kapasita. Anapolazimika kupima mashine ikiwa inawaka, hutumia mkono mmoja, na wa pili huuweka mfukoni ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Pete, saa na bangili huvuliwa. Sakafu huwa kavu, na miguu haiwi mitupu. Hufanya kazi hiyo mtu mwingine akiwa karibu, naye awe ajua swichi ya ukutani iko wapi. Na katika mwezi wa Ramadhani, aliyefunga na kichwa chamzunguka aingoje futari, mashine haikimbii.

Haya hatukuyaandika ili msomaji akayajaribu. Tumeyaandika ili ajue la kumwuliza fundi kabla ya kumkabidhi mashine, na ili mama wa nyumba ajue kwa nini watoto wasiachwe karibu na mashine iliyofunuliwa, hata kama imechomolewa.

KAZI YA MWENYE MASHINE

Kazi ya mwenyewe huanza kwa macho, plagi ikiwa mkononi bado. Kwanza asome kibao kilicho nyuma au chini. Mashine nyingi zilizoundwa kwa soko la Marekani zataka volti 120 tu. Ukiichomeka moja kwa moja katika ukuta wa Mombasa, kila kitu ndani yake hupewa umeme mara mbili ya kipimo chake, na yaweza kwisha kabla hujamaliza kusema bismillahi. Mashine ya namna hiyo yahitaji transfoma ya kushusha, tena yenye nguvu ya kutosha. Amplifaya kubwa ya valvu isipewe iliyo chini ya wati 500.

Pili, atazame waya wa umeme. Mpira wa zamani hukauka na kumumunyika. Ukiukunja ukapasuka, kazi ya mwenyewe imekomea hapo hadi waya ubadilishwe. Tatu, apanguse vumbi kwa brashi laini na kavu. Nne, azitazame valvu. Sehemu ya kioo cha kila valvu, aghalabu kileleni, ina wangavu kama wa kioo cha kujitazamia. Wangavu huo ukigeuka mweupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu imekufa, haina dawa. Tano, mashine ikiwa baridi, kila valvu ishikwe chini, si kwenye kioo, ivutwe taratibu na irudishwe pale pale ilipotoka. Upepo wetu una chumvi, na chumvi huotesha kutu ya kijani kwenye miguu ya valvu na ndani ya soketi zake. Mkwaruzo mwingi unaodhaniwa kuwa ugonjwa mkubwa ni kutu hiyo tu, nayo huondoka kwa dawa ya kusafishia viungo vya umeme. Mafuta ya kupikia na mafuta ya taa si dawa yake.

Sita, spika ziwe zimefungwa kabla ya umeme kuwashwa. Hili ni kinyume cha mazoea ya wenye transista. Amplifaya ya valvu ikipewa sauti bila ya spika, volti kubwa huruka ndani ya transfoma ya kutolea sauti na yaweza kuitoboa. Nyuma ya mashine kuna alama za omu 4, 8 na 16. Spika ya omu 8 ifungwe penye 8.

Na kabla hatujaondoka hapa, tuizungumze fyuzi. Kuna tabia imeenea ya kuizungushia fyuzi iliyokatika karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, au kuitia uzi wa waya, mambo yaendelee. Fyuzi imekatika kwa sababu kuna jambo. Mwenye kuizungushia karatasi amemfunga kitambaa cha macho mlinzi wa nyumba yake na kumwambia alale. Fyuzi ibadilishwe mara moja, kwa ya kipimo kile kile kilichoandikwa. Ikikatika tena, mashine iende kwa fundi.

KUSIKILIZA UGONJWA

Mashine ikiwa nzima kiasi cha kuwaka, sikio ndilo daktari wa kwanza. Tuseme ina spika mbili, na ya kushoto imefifia. Usikimbilie kununua. Izime, badilisha kwanza nyaya zinazoleta sauti, ya kushoto iende kulia na ya kulia kushoto. Ugonjwa ukihama, kosa liko nje, katika gramafoni au waya. Usipohama, izime tena, iache ipoe, kisha badilishana valvu za jina moja baina ya kushoto na kulia, jozi moja kwa wakati mmoja. Ugonjwa ukiifuata valvu, valvu ndiyo yenye kosa. Ukibaki palepale, kosa liko chini ya kifuniko, na hapo ndipo ulipo mpaka tulioutaja. Njia hii haigharimu hata senti, nayo huokoa pesa ambazo watu huzimwaga kwa kununua valvu nne pale ambapo moja ndiyo mbovu.

Mvumo nao una tafsiri yake. Mashine ikivuma, izime, chomoa nyaya za kuleta sauti, iwashe tena. Mvumo ukitoweka, ulikuwa unatoka nje, mara nyingi kwa sababu vyombo viwili vimepata njia mbili za kwenda ardhini. Wako watu ambao hapo hukata waya wa ardhi wa plagi ili kuufukuza mvumo. Wamefukuza nzi kwa kuuvunja mlango. Waya huo ndio unaomwokoa mwenye kuigusa mashine siku umeme utakapovuja kwenye chuma. Na mvumo ukibaki hata baada ya kuchomoa nyaya, aghalabu kapasita kubwa za ndani zimekauka kwa umri, na hiyo ni kazi ya fundi.

Mkwaruzo unaosikika pale tu unapozungusha kidude cha sauti ni uchafu ndani ya kidude hicho. Na ukiigonga valvu taratibu kwa upande wa nyuma wa penseli ukasikia spika ikilia kama kengele, sehemu za ndani ya valvu hiyo zimelegea.

KUREKEBISHA BAYASI

Tuchukue mfano wa mashine moja inayojulikana sana, Dynaco Stereo 70, iliyotoka Philadelphia mwaka 1959. Wengi waliinunua ikiwa vipande vipande ndani ya sanduku, pamoja na kitabu cha maelezo, wakaifunga wenyewe juu ya meza za nyumbani. Hatusemi iko katika kila mtaa wa Mombasa. Twaitaja kwa sababu hesabu yake ni wazi, na aliyeifahamu hawezi kudanganywa katika nyingine.

Mashine hii ina valvu nne kubwa za EL34, mbili kwa kila upande, na kidude kimoja cha bayasi kwa kila upande. Waliobuni mashine hii waliuweka mpaka kwa busara: kidude huzungushwa kwa juu, na mahali pa kupimia pako kwenye soketi zilizo mbele, hata mwenye nyumba asiwe na haja ya kufungua chini. Umeme wa valvu mbili za upande mmoja hupita katika rezista ndogo ya omu 15.6. Kitabu chasema zungusha hadi mita ionyeshe volti 1.56. Gawanya 1.56 kwa 15.6 utapata 0.1, yaani miliampea 100 kwa valvu mbili, au 50 kwa kila moja.

Je, 50 ni sawa? Volti za anodi ni kama 415. Zidisha kwa 0.05 utapata karibu wati 21 za joto katika kila valvu. Kiwanda kiliiwekea EL34 mpaka wa wati 25 kwenye anodi. Kwa hivyo inafanya kazi chini ya mpaka, na ina nafasi ya kupumua.

Sasa msomaji atazame mtego uliopo. Mita yaonyesha jumla ya valvu mbili, haionyeshi mgao. Valvu moja ikichoka, yaweza kupitisha 30 na mwenzake 70, na mita ikasema 100 vile vile. Ile ya 70 itakuwa inabeba wati 29, zaidi ya uwezo wake, na mwenye mashine anajisifu kuwa kipimo ni sahihi. Ndiyo sababu valvu hizi hununuliwa pacha, zilizopimwa pamoja. Mizani yaweza kuwa sawa na ndani yake mna dhuluma.

Utaratibu wenyewe wataka subira. Spika zifungwe, pasiwe na muziki. Washa, ngoja kiasi cha nusu saa ili kila kitu kishike joto lake. Mita iwekwe kwenye volti za umeme wa njia moja, na nyaya zake ziwe na ngozi nzima. Soma upande wa kwanza, zungusha polepole kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki, ngoja, soma tena. Nenda upande wa pili. Kisha rudi wa kwanza, kwani pande zote mbili zanywa kisima kimoja na ukigusa huu ule husogea. Valvu zikiwa mpya, pima tena baada ya wiki. Umeme wetu nao hupanda na kushuka, na bayasi hufuata. Usiitie marekebisho saa ambayo taa za nyumba zinafifia.

Kipimo kikikataa kushuka, au kikawa chapanda chenyewe, au ukaona anodi inashika wekundu, zima papo hapo. Usimalize wimbo.

Na ijulikane kuwa si kila amplifaya ina kidude cha bayasi. Quad II ya Uingereza, iliyotoka 1953, haina. Valvu zake mbili za KT66 hujiwekea bayasi zenyewe kwa rezista moja ya omu 180. Anayekitafuta kidude ndani ya Quad atapoteza saa nzima na pengine apigwe na umeme bure. Kuijua mashine yako kwa jina ni nusu ya kuitengeneza.

KAZI YA FUNDI, NA AMANA YAKE

Mashine iliyolala miaka isichomekwe ukutani moja kwa moja hata kidogo. Fundi mwema huipitishia umeme kwanza kupitia taa ya zamani ya waya, ya wati 60 au 100, iliyofungwa kwenye njia moja na mashine. Taa ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ndani kuna mahali umeme umeshikana, na taa imeubeba mzigo badala ya transfoma.

Kisha hutazama sehemu zinazozeeka. Kapasita za karatasi zinazopitisha sauti kutoka valvu hadi valvu huvuta unyevu, na unyevu kwetu ni mwingi. Zikivuja, huipelekea gridi volti chanya, bawabu akalewa na anodi ikawa nyekundu. Kapasita kubwa za kuchuja umeme hukauka. Rezista za makaa hupanda kipimo. Katika Stereo 70, kuna kipande cha seleniamu kinachotengeneza volti za bayasi, nacho kikizeeka bayasi hupungua. Hapo mtu aweza kubadilisha valvu kila mwaka na zote zikaungua, na ugonjwa ni kipande kimoja kidogo.

Hapa ndipo inapoingia amana. Transfoma za mashine hizi ndicho kiungo chenye thamani kubwa kuliko vyote, na ni vigumu kuzipata tena. Anayeipeleka mashine aandike, au apige picha, jina lililo juu ya kila transfoma na kila valvu. Amwombe fundi amrudishie vipande vyote vibovu ndani ya mfuko. Amwombe pia vipimo: volti zilikuwa ngapi kabla ya kazi, na ngapi baada yake. Fundi mwaminifu hatakasirika kuulizwa hayo. Atafurahi kuwa amepata mteja anayejua kazi ni nini. Anayesema "hilo niachie mimi" na asionyeshe kipimo hata kimoja, mashine na ibaki nyumbani.

Lakini haki ni pande mbili. Wateja nasi tuna dhuluma yetu. Fundi hutafuta kosa kwa saa tatu, akalikuta ni kapasita ya bei ndogo, na mwenye mashine akaja na kelele: kipande hiki tu ndicho unachonidai pesa zote hizi? Hakulipia kipande. Alilipia saa tatu, macho, na hatari aliyoikabili mwenzake. Tukimpunja leo, kesho atamfundisha mwanawe kuuza simu, na hatutakuwa na wa kumlaumu.

LA KUFANYA

Twatoa wito kwa watu watatu. Mzee aliyewahi kuifanya kazi hii amwite kijana mmoja, si lazima awe mjukuu wake, amwonyeshe namna ya kumwaga umeme na namna ya kupima kabla ya kubadilisha. Walimu wa vyuo vya ufundi vya Pwani watenge hata siku moja katika muhula kwa somo la valvu, kwani anayemfahamu bawabu huyu wa gridi hataona tabu kuifahamu transista. Na kijana mwenye bisibisi mkononi asikatazwe udadisi wake, afundishwe mpaka.

Ama mwenye nyumba, lake ni jepesi. Itoe mashine stoo, ipanguse vumbi, isome kibao chake, uandike jina na volti zake kwenye karatasi. Zihesabu valvu. Kisha iweke juu ya meza, mbali na watoto, na usiitie plagi. Hatua hiyo ya kwanza haigharimu kitu, na mnunuzi wa vyuma akibisha hodi, utakuwa umekwisha kujua unacho nini.